Zana au dhana: kengele iliyolia mapema Kigoma

Neno lililoleta ugomvi lilikuwa na herufi tano kwenye karatasi na herufi nne masikioni mwa ukumbi mzima. Karatasi ilisema "dhana". Msomaji alisema "zana". Binti wa darasa la sita kutoka Ujiji akataja z, a, n, a. Kengele ikalia, akaambiwa asante, kakae. Mimi nilikuwa mmoja wa majaji watatu, na mkono wangu ndio ulioinuka wa kwanza kuashiria kosa. Kwa hiyo ujue mapema kwamba anayekusimulia si shahidi tu, ni mmoja wa washtakiwa.

Yalikuwa mashindano ya tahajia ya shule za msingi, hapa Kigoma mjini, Jumamosi moja ya kiangazi, katika ukumbi wa kukodi pale Mwanga. Shule sita, kila moja watoto watatu. Kwenye barua tuliandika "mashindano ya tahajia". Watoto wenyewe waliyaita imla ya kusimama, na naona jina lao linashinda letu: mwalimu anatamka, wewe huna daftari wala ufutio, unataja herufi kwa mdomo mbele za watu, na ukishataja umetaja.

Wasimamizi tulikuwa sita. Mshereheshaji, ambaye kazi yake ya siku zote ni harusi na vipaimara. Msomaji wa maneno, mwalimu wa Kiswahili mwenye sauti nzito na subira ya kutosha. Majaji watatu: mama mmoja mwalimu mstaafu akiwa jaji mkuu, mwenzangu kutoka shule nyingine, na mimi. Wa sita alikuwa kijana wa kutunza muda, aliyekabidhiwa kengele ya baiskeli iliyofungwa kwenye kipande cha ubao.

Orodha ya maneno tuliiandaa mimi na mwenzangu, maneno 240, mengi kutoka vitabu vya darasa la tano na la sita. Tuliyakagua kwenye kamusi neno kwa neno. Tulibishana juu ya "muhula" kwa nusu saa nzima. Tulihakikisha kila "ng'" imewekewa ritifaa yake. Ilichapwa vizuri, ikabanwa, ikafungwa kwenye bahasha kama mtihani wa taifa. Kitu kimoja hakikufanyika katika siku zote hizo: hakuna aliyeisoma kwa sauti.

Umeme ulikatika raundi ya pili. Fundi cherehani wa jirani akatuazima jenereta yake, kipaza sauti kikarudi, lakini sasa kulikuwa na ngurumo dirishani. Hapo mshereheshaji akaona awasaidie wa nyuma. Msomaji akitamka neno, yeye analirudia kwa sauti ya harusini: "Neno ni bahaaasha!" Watu wakapenda. Sisi majaji tukaona ukumbi umechangamka, tukanyamaza. Tangu dakika ile kila neno lilikuwa na vinywa viwili, na hicho cha pili hakikuwa na karatasi. Kilirudia kilichosikia.

Nisimwonee mshereheshaji. Watoto wa umri ule wakisimamishwa mbele ya watu 200 hutetemeka mpaka magoti yakagongana, na siku ile hakuna aliyelia kwa woga. Ni kazi yake hiyo. Aliwauliza majina ya mbuzi wao, aliwaambia wavute pumzi. Kabla ya raundi ya kwanza aliwaambia pia kwamba mtoto ana haki ya kuomba maana ya neno na kuomba litumike kwenye sentensi. Alilisema mara moja, kati ya mzaha wa mgebuka na mzaha wa treni, kisha tukaanza.

Raundi ya saba walibaki wawili. Yule binti wa Ujiji, na mvulana mmoja ambaye wazazi wake wametokea upande wa Kasulu. Zamu ya binti. Msomaji: "Zana." Mshereheshaji: "Neno ni zana!" Binti akauliza kwa adabu, "Zana?" Msomaji akajibu, "Ndiyo. Zana." Basi akataja.

Mkono wangu ulipanda kabla hajafika herufi ya mwisho. Nimelifikiria jambo hili kuliko yote mengine ya siku ile, na jibu langu ni moja: sikuwa nasikiliza. Nilikuwa na karatasi mbele yangu. Macho yakishaona dh, sikio linaletewa dh hata kama kinywa kimetoa z. Mwenzangu naye vivyo hivyo, jaji mkuu naye vivyo hivyo, na yeye matamshi yake ni ya kupigiwa mfano. Watu watatu wenye vyeti vya ualimu tulisikia neno ambalo halikutamkwa, kwa sababu tulikuwa tunalisoma. Watu 200 wasio na karatasi walisikia vizuri.

Aliyesimama ni babu yake. Mzee wa kofia, mkongojo mkononi. Hakupaza sauti. "Mwalimu wangu, samahani, naomba kuuliza. Mtoto amekosea neno gani?"

Jaji mkuu akajibu, "Dhana, mzee." Akalitamka kama linavyotakiwa, ulimi katikati ya meno.

"Hilo," mzee akasema, "ndiyo kwanza nalisikia."

Ukumbi ukavunjika kwa kicheko na makofi. Mshereheshaji, kwa kuogopa fujo, akaingiza mzaha: kengele haina shangazi, kengele ikilia imelia. Watu wakacheka tena, safari hii binti akiwa amesimama pale pale, macho yamejaa. Jaji mkuu akafungua karatasi ya kanuni, akasoma mstari wa mwisho: uamuzi wa majaji ni wa mwisho. Mstari ule tuliuandika kwa sababu kila shindano linao. Hatukuwa tumejiuliza unamlinda nani.

Mvulana akapewa neno lake: "mahari". Kabla ya kutaja chochote akasema, "Naomba maana yake." Msomaji akamwambia ni mali anayotoa mwanamume kwa ajili ya kuoa. Akataja m, a, h, a, r, i, bila kuyumba. Baiskeli ya zawadi ikawa yake. Kama asingeuliza, angekuwa anachagua kwa bahati nasibu kati ya mahari na mahali, kwa sababu katika vinywa vya wengi wetu hapa l na r hupokezana kama zamu ya kisimani.

Wazungumzaji wa Kiingereza wana mashindano ya namna hii tangu zamani. Yale makubwa ya Marekani, Scripps National Spelling Bee, yalianza 1925, na neno la ushindi mwaka ule lilikuwa "gladiolus". Kwa lugha ile, msomaji akitamka hata kwa ufasaha wa malaika, herufi bado zimejificha. Sauti moja ina njia nane za kuandikwa, na herufi nyingine zimekaa tu bila kazi. Mtoto analazimika kujua neno limetoka Kigiriki au Kifaransa ndipo akisie.

Kiswahili hakiko hivyo. Tunaandika tunavyotamka. Msomaji akitamka "dhana" sawasawa, amekwisha kumpa mtoto jibu. Basi ugumu wa imla ya Kiswahili unabaki mahali pamoja tu, pale kinywa cha watu na maandishi vinapoachana: dh na z, th na s, gh na g, l na r, h inayomezwa, ng na ng'. Hizo ndizo herufi tulizozitafuta mimi na mwenzangu tulipoandaa orodha, maana maneno mengine yote yalikuwa rahisi mno. Tukajaza dhana, thamani, ghala, fahali, mahari. Tulikuwa tunatega mitego, na kila mtego ulipita kwanza kwenye ulimi wa msomaji wetu. Akitamka vizuri, mtego umefichuliwa. Akitamka kienyeji, umefungwa bila ufunguo. Katika hali zote mbili anayepimwa ni msomaji, mtoto ni mpita njia.

Mvulana alikulia kwenye nyumba inayosema zambi, zahabu, samani. Kiha hakina dh wala th, na Kiswahili cha bara kwa jumla hakizishughulikii sana. Kwa hiyo amejifunza tangu darasa la tatu kwamba sikio halimtoshi. Akisikia "zana" anajua huenda ni vifaa, huenda ni wazo, na lazima aulize. Binti ni wa Ujiji. Ujiji ni mji wa misafara, Kiswahili na Uislamu vilifika pale katika karne ya 19 pamoja na wafanyabiashara wa pwani, na mtoto wa pale aliyekaa chuoni kwa ustadhi amefundishwa herufi za Kiarabu, dhali si zai, the si sini, na akichanganya anarudishwa mwanzo wa aya. Sikio lake linatenganisha. Alisikia z kwa sababu ilikuwa z. Akauliza kuhakikisha, akaambiwa ndiyo. Katika shindano letu la lugha, mwenye sikio safi ndiye aliyetolewa kwa sababu ya sikio lake.

Nikiwaeleza watu hili wengine hunijibu kwa hoja ya mama wa yule mvulana, na ni hoja nzito: "Mwanangu aliuliza maana. Huyo hakuuliza." Kweli. Lakini mtu huuliza akiwa na shaka. Binti alikuwa na shaka ndogo, akaipeleka kwa mwenye mamlaka, ikaondolewa kwa neno "ndiyo". Baada ya hapo aulize nini tena?

Kanuni za wale Wamarekani zimelishughulikia jambo hili moja kwa moja. Kwa kawaida mtoto akisikia vibaya, mzigo ni wake. Lakini mzigo unamtoka ikiwa msomaji hakuwahi kulitamka neno sawasawa hata mara moja, au alitoa maelezo yasiyo sahihi kuhusu neno, au mtoto ametahajia vizuri neno lingine linalosikika vilevile na msomaji hakutoa maana ya kuyatenganisha. Pima kisa chetu hapo. Sharti la kwanza limetimia, na la tatu limetimia. Mtoto wetu alikuwa na haki mara mbili.

Tena wale hawaoni aibu kurudisha mtu. Mwaka 2022 Harini Logan aligongewa kengele kwenye swali la maana ya neno "pullulation". Majaji wakaenda kuchimba zaidi kwenye kamusi, wakakuta jibu lake lina msingi, wakamrudisha jukwaani. Usiku uleule akawa bingwa, baada ya mchuano wa sekunde 90. Msomaji wao mkuu, Jacques Bailly, alikuwa bingwa mwaka 1980 na amekuwa msomaji mkuu tangu 2003, naye kazi yake ni kusoma na kujibu maswali ya watoto. Kuamua ni kazi ya wengine. Hakuna mtu wa tatu anayerudia maneno kwa sauti ya harusini.

Jumatatu tulikutana. Shangazi wa binti alikuwa amerekodi kwa simu, akaileta bila maneno mengi. Msomaji wetu alikuwa wa kwanza kusema, kwa unyoofu kabisa: "Jamani, mimi nilisema dhana." Tukaweka simu mezani. Z ya kwanza, z ya mshereheshaji, z ya binti, ndiyo, z ya mwisho. Akasikiliza mara tatu. Kisha akasema jambo ambalo sitalisahau: "Mbona mimi najisikia nikisema dhana?"

Jaji mkuu akamwomba ayatamke yote mawili, moja baada ya lingine. Akatamka. Tukatazamana. Akatamka tena. Aliyecheka kwanza ni yeye mwenyewe.

Simlaumu, na nilisema hivyo siku ile. Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya lahaja ya Kiunguja, iliyochaguliwa Mombasa mwaka 1928, na Kamati ya Lugha iliyoanza 1930 ikasimamia tahajia yake. Ndiyo maana kamusi zetu zina dh, th na gh. Lakini kamusi ilisafiri kwa treni zaidi ya kilomita 1,200 kutoka pwani mpaka kwenye kituo chetu cha mwisho, na ulimi wa pwani haukupanda nayo. Mwalimu yule anafundisha sarufi vizuri kuliko mimi. Kosa ni la sisi tuliompa orodha ya mitego ndani ya bahasha iliyofungwa na kumfungulia mbele ya watoto.

Mjadala wa nini kifanyike ulichukua karibu saa tatu na sitausimulia wote. Mwenzangu alitaka tutafute baiskeli ya pili, lakini fedha hazikuwepo. Jaji mkuu alishikilia kwanza mstari wake wa "uamuzi wa mwisho", akaogopa kwamba tukigeuka mara moja kila mzazi atakuja na simu. Hofu yake ina maana: rufaa isiyo na kikomo ni fujo. Wamarekani wanaiwekea mpaka kwa kutaka iletwe kabla zamu ya mtoto haijafika tena. Lakini babu alisimama papo hapo, kabla ya mvulana kupewa neno lake. Hakuchelewa. Aliuliza swali sahihi, kwa wakati sahihi, kwa heshima, akajibiwa kwa mzaha.

Kumnyang'anya mvulana baiskeli hakuna aliyethubutu hata kulitaja kwa sauti. Alishinda kwa akili yake. Mwishowe tukakubaliana hivi: neno "dhana" linafutwa kana kwamba halikusomwa, binti anarudi raundi ya saba, wawili hao wanamalizia Jumamosi inayofuata, na baiskeli haiondoki kwa mwenye nayo vyovyote itakavyokuwa. Kilichobaki cha kushindania ni kikombe na jina. Jaji mkuu alikwenda mwenyewe Ujiji kumweleza mzee. Alikaribishwa chai, akarudi na dagaa.

Kwa Jumamosi ile ya pili tulibadilisha mambo machache. Kila neno lilisomwa na maana yake na sentensi, mtoto aombe asiombe. Mshereheshaji alikaa mbali na maneno, akabaki na majina ya mbuzi. Jaji mkuu alisoma, na mimi nikapewa kiti cha adhabu nilichokiomba mwenyewe: jaji asiye na karatasi. Nilikuwa na daftari tupu. Neno likisomwa, naandika nilichosikia, namwonyesha mwenzangu mwenye orodha, na kama hatulingani neno linasomwa upya kabla mtoto hajafungua kinywa. Tulilingana karibu yote. Mara mbili hatukulingana, na mara zote mbili kosa lilikuwa la sikio langu.

(Jambo lingine lilijitokeza ambalo sina nafasi ya kulichimba: watoto wa shule za mchepuo wa Kiingereza hutaja herufi kwa majina ya Kiingereza, kwa hiyo akisema "i" hujui kama ni i yetu au e yao. Atakayeandaa mashindano aamue hilo kabla ya siku.)

Binti alishindwa. Neno lilikuwa "ng'ang'ania". Aliitaja ritifaa ya kwanza, akaisahau ya pili. Kengele ya baiskeli ikalia. Nilimtazama babu, na nadhani ukumbi wote ulimtazama. Aliinua mkongojo kidogo, kama mtu anayeitikia salamu kutoka mbali, akasema, "Hapo sawa."

Wiki mbili baadaye msomaji wetu alinifuata nyumbani jioni na orodha nzima ya maneno 240. Alikuwa ameipiga mistari ya penseli chini ya kila dh, th, gh, l na r. Aliniomba nikae nimsikilize. Tulikaa barazani mpaka giza likaingia, yeye anasoma, mimi nimefumba macho. Dhambi na dhahabu zilikuwa zimeanza kumkaa vizuri, thamani bado ilimponyoka. Alipofika "fahali" alisimama.

"Hapo umenisikia nikisema fahali au fahari?"

Nikamwambia sijui, asome sentensi.